Ali Alipigana Saa Kumi na Mbili Asubuhi

Kengele ya raundi ya kwanza kati ya Muhammad Ali na George Foreman iligongwa Kinshasa karibu saa kumi alfajiri, Jumatano, tarehe 30 Oktoba 1974. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa mbili. Kwa hivyo kwa saa za Kenya pigano lile lilianza saa kumi na mbili asubuhi, na kabla ya saa moja lilikuwa limeisha. Ukitaka kujua hiyo ni saa gani katika nchi ya Gusii, nenda Kebirigo au Nyansiongo siku yoyote ya kazi. Ukungu bado umelalia majani chai. Wachumaji wameshajifunga karatasi ya nailoni kiunoni ili umande usiwaloweshe, kikapu kiko mgongoni. Ng'ombe anakamuliwa. Watoto wanasukumwa waende shule. Hiyo si saa ya kukaa chini utazame kitu.

Hata Kinshasa kwenyewe haikuwa saa ya kutazama kitu. Hakuna mtu anayepanga mchezo saa kumi alfajiri kwa ajili ya watu wanaoishi pale mchezo unapochezwa. Saa hiyo ilichaguliwa kwa sababu New York ilikuwa saa nne usiku, bado Jumanne, na wateja wenye dola walikuwa wameshakula, wamevaa, wako tayari. Mobutu Sese Seko ndiye aliyegharamia shughuli, dola milioni 5 kwa kila bondia, ili dunia iione Zaire. Dunia iliiona, sawa, lakini watu wapatao 60,000 walikesha katika uwanja wa mji wao wenyewe wakingoja saa ya watu wengine ifike.

Ukiniuliza mimi, historia ya Wagusii na ndondi ni historia ya saa. Majina ya mabondia tunayajua wote, kila steji ina Tyson wake. Ile habari ya nani alilala, nani alikesha, nani alitembea gizani na kwa shilingi ngapi, hiyo haiandikwi.

Nianze na sokoro. Sokoro ni babu kwa Ekegusii, na wa kwetu alikuwa na hadithi moja ambayo alikuwa anaitoa kila mgeni akija: kwamba yeye alimwona Ali akimwangusha Foreman. Alimwona. Ukisema "ulisikia" alikuwa anakukatiza. Mwaka 1974 alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, anaishi upande wa Nyamira, ambao wakati huo ulikuwa bado ndani ya Wilaya ya Kisii. Kwao hakukuwa na stima. Redio ilikuwepo, lakini betri zilikuwa zimechoka, na betri zikichoka zinaanikwa juani kama mahindi ili zirudishe nguvu kidogo. Yeye alikuwa ameanika zake tangu Septemba, kwa sababu pigano lilikuwa lifanyike tarehe 25 mwezi huo. Kisha Foreman akapasuka juu ya jicho wakati wa mazoezi, pigano likaahirishwa kwa wiki tano, na zile betri zikaishia kwenye matangazo ya vifo. Ndiyo maana ilibidi atembee.

Aliondoka nyumbani saa tisa usiku na wenzake wawili, tochi moja, njia imelowa. Waliingia sokoni kukiwa bado giza, wakakaa kwenye baraza ya duka moja ambalo mwenyewe alikuwa na redio kubwa iliyoshika vizuri. Walikuta wengine wamefika mbele yao. Walingoja hadi taarifa ya habari. Ali ameshinda, raundi ya nane. Watu walipiga kelele, mwenye duka akauza chai, kila mtu akaenda kazini.

Sasa, hiyo ni kusikia. Mtu alitembea usiku akapata sentensi mbili. Lakini sokoro alikuwa na hadithi nzima: jasho, kamba za ulingo, Ali akisonga mbele tangu raundi ya kwanza bila kurudi nyuma hata hatua moja, na mwisho Foreman akianguka polepole, akizunguka, kama mgomba uliokatwa. Mtu wa Kisii anajua mgomba unavyoanguka. Hauanguki kama mti. Unasita, unajipinda, majani yanatangulia upande mmoja na shina linafuata.

Mwaka 2019 nilimwekea pigano zima kwenye simu. Alikuwa anatazama kwa mara ya kwanza, ingawa hakuna aliyethubutu kusema hivyo. Raundi ya kwanza ilimfurahisha. Kuanzia ya pili akaanza kukunja uso. Kama umeliona pigano lile unajua ni kwa nini: Ali anaegemea kamba, anajifunika uso, anaacha jitu lile limpige mbavu na mikono raundi baada ya raundi, hadi lichoke. Sokoro aliniuliza kama hili ndilo lenyewe. Nikamwambia ndilo. Akasema huyu Ali anapigwa sana. Alikaa kimya hadi raundi ya nane, Ali akatoka kwenye kamba, ngumi zikafuatana, Foreman akaanza kuzunguka, polepole, mikono inatafuta hewa, na akaenda chini kama vile nilivyosimuliwa tangu utotoni. Babu akagonga meza. Mgomba! Si nilikuambia?

Nilimuuliza alijuaje. Alinijibu kama mtu anayejibu swali la kijinga. Alhamisi jioni gazeti lilifika kutoka Nairobi, na mwalimu wa shule ya pale karibu akalisoma kwa sauti mbele ya duka, akilitafsiri kwa Ekegusii. Alipofika mahali pa Foreman kuanguka, watu walimwambia aonyeshe. Mwalimu akavua koti, akampa mtu amshikie, akaanguka kwenye nyasi. Wakamwambia arudie. Akarudia.

Kwa hivyo ni kweli, sokoro aliona. Aliyemwona akianguka alikuwa mwalimu.

Nimelifikiria sana jambo hilo, kwa sababu huwa tunasema watu wa zamani walikuwa hawana burudani, walikuwa wanalala mapema na kuku. Wapi. Walikuwa wanatembea. Wakati wa mkoloni na miaka mingi baadaye gari la sinema lilikuwa linapita masokoni, shuka jeupe linafungwa kwenye nguzo mbili, na watu wanakuja kutoka milima mitatu kutazama filamu ya kufundisha kuchimba choo, tangazo la sabuni, na kichekesho kimoja cha kufungia. Hakuna aliyeona ajabu kutoka nyumbani usiku kwa ajili ya picha. Magazeti yenyewe yaliishi muda mrefu kuliko habari zake. Yalikuwa yanabandikwa kwa uji kwenye kuta za udongo kuzuia baridi, na mtoto aliyelala upande wa ukutani alikua akimtazama bingwa yule yule miaka na miaka.

Na si sisi tu. Watu husahau kwamba Ali na Foreman hawakuonyeshwa bure majumbani Marekani. Picha ilipelekwa kwa waya na setilaiti hadi kumbi za sinema na viwanja vya ndani, ukitaka kuona ununue tiketi uende. Mtu wa Chicago naye alitoka nyumbani usiku ule. Tofauti ni kwamba yeye alitoka saa ya kutoka.

Hata kabla ya hapo, picha ya ngumi imekuwa na wenyewe. Mwaka 1910, tarehe 4 Julai, Jack Johnson, bingwa wa kwanza mweusi wa uzito wa juu, alimpiga James Jeffries mjini Reno. Jeffries alikuwa ametolewa kwenye kustaafu makusudi arudishe mkanda kwa wazungu. Filamu ya kipigo kile ilipigwa marufuku katika miji mingi ya Marekani na Afrika Kusini, na mwaka 1912 bunge la Marekani likatunga sheria ya kuzuia filamu za ndondi zisisafirishwe kutoka jimbo moja hadi jingine wala kuingizwa kutoka nje. Sasa cheka: mwaka 1915 Johnson akapigwa Havana na Jess Willard, mzungu, na ile ile sheria ikawazuia Wamarekani kumwona mzungu wao akishinda. Basi mwaka 1916 wafanyabiashara fulani walikwenda hadi mpaka wa Kanada na jimbo la New York. Upande wa Kanada wakaweka mashine ya kuonyeshea filamu, upande wa Marekani wakaweka kamera, na kati yao mpaka. Filamu haikuvuka. Kilichovuka ni mwanga. Walidhani wamemaliza kesi. Mahakama haikukubali.

Hao nao walikuwa wamehangaika kuliko sokoro, na walipata kidogo kuliko yeye.

Nirudi nyumbani. Televisheni ilianza kurushwa Kenya mwaka 1962, lakini televisheni inataka stima, na mpango wa serikali wa kupeleka stima vijijini ulianza mwaka 1973, ukatambaa. Vijiji vingi vya Gusii vilipita miaka ya sabini, ya themanini na ya tisini vikitumia betri ya gari. Ninyi wa Nairobi huenda hamjui kazi ya betri ya gari. Inabebwa kichwani au kwenye karai hadi sokoni, inachajiwa kutwa kwa malipo, inarudishwa jioni kwa uangalifu kama mayai, kwa sababu asidi ikikumwagikia shati limekwisha. Inaendesha TV ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe, ile ya Great Wall, ambayo mtu alinunua bonasi ya chai ilipotoka. Mtoto mmoja anasimama nje akigeuza antena iliyofungwa kwenye mti wa mwanzi. "Hapo! Hapo! Umeharibu, rudisha!" Mtoto huyo ndiye mtu pekee ambaye hakuona chochote. Kila familia ina mmoja, na hadi leo bado ana uchungu.

Lakini kuna kitu katika hadithi hii ambacho kinaniuma kuliko saa na betri. Wakati sokoro anatembea gizani kutafuta habari za Wamarekani wawili, Kenya ilikuwa na mabondia wake, wa kiwango cha dunia, na walikuwa karibu. Nakuru ni kama kilomita 200 kutoka Kisii kwa barabara ya Sotik na Kericho. Pale Bondeni kuna ukumbi ambao watu waliuita Madison Square Garden, kwa jina la ule wa New York, na hawakuwa wanatania. Kutoka Nakuru alitoka Philip Waruinge. Mwaka 1968 kule Mexico alipata shaba tu, lakini waamuzi wa mchezo walimpa kombe la Val Barker, linalotolewa kwa bondia mwenye ufundi kuliko wote katika Olimpiki nzima. Fikiria: mtu wa shaba anapewa kombe mbele ya wenye dhahabu wote. Munich mwaka 1972 akapata fedha, na Samuel Mbugua na Dick Murunga wakaongeza shaba mbili. Timu hiyo ilikuwa inapanda.

Halafu ikanyimwa uwanja. Mwaka 1976 Kenya ilijiunga na nchi nyingi za Afrika kususia Olimpiki ya Montreal, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Sina shida na hilo, sababu ilikuwa nzito. Lakini bondia ana miaka michache tu ya kuwa bora, na hairudishwi. Waruinge mwenyewe alikuwa ameshahamia Japani kupigana kwa malipo. Kisha ikaja Moscow, 1980.

Mnajua nani alitumwa kuja kutuambia tusiende Moscow? Muhammad Ali. Februari 1980 Rais Jimmy Carter alimpakia ndege na kumtuma Afrika kama mjumbe, aombe nchi zisusie michezo kwa sababu ya Wasovieti kuivamia Afghanistan. Alianzia Dar es Salaam, ambako Nyerere alikataa kabisa kumwona; yaani Rais wa Marekani akutumie mcheza ngumi kuzungumza siasa? Waandishi wa habari wakamuuliza Ali mbona Marekani haikuungana na Afrika mwaka 1976. Hakuwa na jibu, na alisema wazi kwamba habari hizo hakuwa amezijua. Kutoka huko akaja Nairobi. Moi alimpokea. Kenya haikwenda Moscow.

Sisemi Ali ndiye aliyefanya Kenya isiende. Serikali ilikuwa na hesabu zake. Lakini weka tarehe hizo mbili pamoja. Mwaka 1974 kijana wa Nyamira anapoteza usingizi kwa ajili ya Ali. Mwaka 1980 Ali anakuja na ombi ambalo likikubaliwa, mabondia wa kijana huyo hawatapanda ulingoni. Nilipomweleza sokoro hivyo, aliniangalia kama mtu aliyeletewa fitina. Akasema Ali alitumwa. Na hapo akafunga mjadala.

Kizazi kilichofuata ndicho kilicholipa deni. Mwaka 1987, Michezo ya Afrika ikifanyika Nairobi, mabondia wa Kenya walichukua dhahabu 8 kati ya 12. Mwaka uliofuata, kule Seoul, Robert Wangila alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili kwenye fainali. Hadi leo ninapoandika, Wangila ndiye Mkenya pekee mwenye dhahabu ya Olimpiki ambayo haikuletwa na mbio. Chris Sande alirudi na shaba. Tangu hapo, hakuna medali ya ndondi ya Olimpiki iliyoingia nchi hii.

Seoul iko mbele yetu, Marekani iko nyuma, na kwa mara moja saa ilituonea huruma kidogo: ngumi za Seoul zilifika kwetu mchana wa kawaida au asubuhi ya kawaida, si usiku wa manane. Lakini Wangila hakukaa kwenye saa yetu. Hakuna bondia anayekaa. Pesa ziko ambako kamera ziko, naye alikwenda Las Vegas kupigana kwa malipo. Tarehe 22 Julai 1994 alipigana na David Gonzalez. Mwamuzi alisimamisha pigano, na Wangila alilalamika, alitaka kuendelea. Baadaye akazimia. Alifariki tarehe 24, akiwa na miaka 26. Watu waliokuwa wamegeuza antena ili wamwone Seoul walisoma habari za kifo chake gazetini, kama vile sokoro alivyosomewa kuanguka kwa Foreman.

Baada ya Wangila ilibaki kutazama wengine, na wengine hao waliitwa Tyson.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu Sabato, maana huwezi kuandika historia ya starehe yoyote ya Gusii ukaliruka. Waadventista ni wengi kwetu, na kuanzia jua kuzama Ijumaa hadi kuzama Jumamosi, kazi na michezo imesimama. Mapigano makubwa ya Marekani hufanyika Jumamosi usiku. Sabato! ungesema. Lakini Jumamosi usiku ya Las Vegas kwetu ni Jumapili asubuhi. Kwa hivyo Msabato wa Nyanchwa anaweza kumtazama bingwa wake bila kuvunja amri hata moja, huku Mkatoliki jirani yake akitoroka Misa ya kwanza. Sijui sehemu nyingine duniani ambako promota wa Marekani amewapendelea Wasabato bila kujua.

Tarehe 28 Juni 1997, Tyson alimng'ata Evander Holyfield sikio. Masikio, kwa kweli; aling'ata yote mawili, akafukuzwa ulingoni raundi ya tatu. Mjomba wangu na wenzake walipata habari kama kila mtu, kwa redio. Pigano lenyewe waliliona wiki kadhaa baadaye, baada ya kuchanga pesa, kumtuma mtu mjini Kisii akodishe kaseti ya video, kukodisha na mashine ya kuichezea, na kuchaji betri mbili kwa sababu moja isingetosha. Kila aliyeingia chumba kile alijua mshindi, alijua raundi, alijua sikio lipi lilianza. Haikuwazuia. Kaseti ilikuwa nakala ya nakala, watu wanatembea ndani ya theluji. Mjomba anaapa kwamba sikio halikuonekana kabisa. Walirudisha nyuma mara tisa. Mzee mmoja aliyelipa shilingi tano alidai arudishiwe pesa kwa sababu ameahidiwa sikio.

Ukitaka kucheka zaidi, fikiria mwenye kibanda cha video aliyenunua kaseti ya Tyson na Michael Spinks ya 1988. Sekunde 91. Unakusanya shilingi, unazima taa, unawasha, na kabla mtu hajapata pa kukaa Spinks yuko chini. Lazima uwe na filamu ya pili tayari, la sivyo wanavunja benchi.

Mimi mwenyewe niliingia kwenye mstari huu tarehe 3 Mei 2015, Jumapili. Floyd Mayweather na Manny Pacquiao. Wamarekani wanunuzi milioni 4.6 walilipia pigano hilo, wengi wao dola 100 kasoro senti, ili waone kwenye TV zao. Mwaka huo huo ndipo serikali ilipoanzisha mpango wa Last Mile wa kusambaza stima hadi nyumba za mwisho, na ndipo nguzo zilipofika kwetu, lakini waya ulikuwa bado. Ving'amuzi vya kulipia vilikuwa kwenye baa chache za mjini. Tulipanda pikipiki watatu tukiwa na dereva, mvua ya usiku imeacha matope, tukafika Kisii saa kumi na moja na nusu. Baa ilikuwa imejaa watu ambao hawajalala na watu ambao wamelala mapema makusudi, na unaweza kuwatofautisha kwa macho. Kisha tukangoja. Pigano lilichelewa kwa sababu kule Marekani watu wengi walikuwa bado wanahangaika kununua, mitambo imelemewa. Saa moja ikapita. Tulikuwa tumekaa Kisii, tumelipia soda, tunangojea mtu fulani wa Ohio aingize namba ya kadi yake.

Na pigano likawa baya. Mayweather alikwepa raundi 12, akashinda kwa pointi. Mtu mmoja nyuma yangu alisema kuku wake hupigana vizuri kuliko hivyo. Lakini ninakumbuka kitu kingine: kijana mmoja pembeni alikuwa ameinua simu, anarusha picha ya TV ya baa kupitia programu iitwayo Periscope, iliyokuwa imetoka wiki chache tu, na watu waliokuwa vitandani kwao wanatazama. Alikuwa anafanya kile walichofanya wale wa mpaka wa Kanada mwaka 1916. Picha ya picha. Mwanga tu ndio umevuka.

Siku hizi ndivyo kila mtu anavyotazama. Kiungo kinatumwa kwenye kikundi cha WhatsApp, kinakatika, kinatumwa kingine, bando linaisha raundi ya sita, unamalizia kwa maandishi. Baba wa rafiki yangu anaita hiyo kurudi redioni, na ana haki. Wengine bado wanapenda kibanda, kwa sababu kiungo hakipigi kelele na wewe.

Halafu ikaja Riyadh. Wasaudi wameamua kununua mapigano makubwa, kama Mobutu, na kwa sababu ile ile: waonekane. Tarehe 18 Mei 2024 Tyson Fury na Oleksandr Usyk walipigania mikanda yote ya uzito wa juu pale Riyadh. Mimi nilifurahi kwa sababu yangu binafsi. Riyadh iko kwenye saa moja na Kisii. Saa tatu usiku kwao ni saa tatu usiku kwetu. Kwa mara ya kwanza tangu Ali, nikasema, tutaona pigano kubwa kama watu: tumekula, tumeoga, kesho Jumapili.

Waliingia ulingoni karibu saa saba usiku. London ilikuwa saa tano, New York bado jioni.

Karibu na Daraja Mbili kuna kibanda ambacho mwenyewe huandika ratiba kwa chaki kwenye ubao. Wiki hiyo aliandika: FURY v USYK, JUMAMOSI SAA SABA USIKU, MBAO. Vijana wawili walikuja usiku wa Ijumaa, kwa sababu simu zao zilisema Jumamosi huanza saa sita usiku, kwa hivyo saa saba usiku ya Jumamosi ni hiyo. Wakakuta kufuli. Mmoja wao, Msabato, alimlaumu sana mwenye kibanda, kwamba amemtoa nyumbani katikati ya Sabato bila sababu. Usiku uliofuata walirudi tena, wamechoka, wakataka kuingia bure kwa kuwa walishakuja mara moja. Mwenye kibanda alifikiri kidogo, akawapunguzia shilingi tano kila mmoja.